Jinsi Tulivyochagua Pinde Mpya

Tangu siku pinde mpya zilipofika shuleni, watu wengi wameniuliza swali moja: kwa nini chama chetu cha kulenga shabaha kilipewa fedha za kutosha kununua upinde mmoja wa fahari, nacho kikanunua pinde mbili ndogo ambazo, kwa kuzitazama tu, zafanana na vitu vya kuchezea watoto? Swali hili ni la haki. Aliyetoa fedha hizo, faranga 900,000, ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, naye ameomba jina lake lisitajwe. Lakini najua kwamba husoma gazeti letu kila linapotoka, na wenzake hulisoma vilevile. Mimi ndimi niliyekuwa kapteni wa chama mwaka huu, na muhula huu ukiisha nitaondoka. Basi naona ni wajibu wangu kutoa hesabu kabla sijafunga sanduku langu, ili mfadhili wetu aridhike, na kapteni ajaye ajue jinsi tulivyofikiri.

Kwanza yafaa nieleze upinde wa roda ni kitu gani, maana si wasomaji wote waliouona kwa karibu.

Upinde unaojulikana tangu zamani katika nchi yetu ya Rwanda, ule tuuitao umuheto, ni mti mmoja uliopindwa na kufungwa kamba. Kushindana kwa mishale, ambako kwetu huitwa kumasha, kulikuwa mchezo wa vijana wa zamani kama mpira ulivyo mchezo wetu leo. Babu yangu anao upinde mmoja wa namna hiyo, umetundikwa ukutani juu ya kitanda chake. Upinde wa mti una tabia moja: kadiri uuvutavyo, ndivyo unavyozidi kuwa mzito. Pale mwisho, mkono ukiwa karibu na shavu, mahali unapotaka kutulia ili ulenge vizuri, hapo ndipo uzito unapokuwa mkubwa kuliko wakati wote. Mkono hutetemeka, pumzi hukatika, na mshale huondoka kabla jicho halijaridhika.

Mtu aliyeondoa taabu hiyo ni Mmarekani wa jimbo la Missouri, Holless Wilbur Allen. Alikata ncha za upinde wa kawaida akatia roda, kisha akaipitisha kamba katika roda hizo. Mwaka 1966 aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake, akaipata mwaka 1969. Roda za pinde za siku hizi si duara kamili. Zina umbo la kupotoka, karibu kama yai, na hapo ndipo ilipo siri yake. Mvutaji hukutana na uzito wote katikati ya safari, lakini akizidi kuvuta, roda hugeuka na uzito hupungua ghafula. Upungufu huo sisi katika chama twauita nafuu. Mathalani, upinde wa ratili 50 wenye nafuu ya asilimia 80 humwachia mpigaji ratili 10 tu za kushikilia wakati anapolenga. Nguvu aliyoitia katika mikono ya upinde haikupotea. Imo ndani inangoja, lakini mkono wake umepumzika.

Kwa sababu hiyo upinde wa roda umeenea upesi duniani. Katika mashindano ya kimataifa ya uwanjani wapigaji wa upinde huu husimama mita 50 kutoka kwenye shabaha yenye upana wa sentimita 80, na upinde hauruhusiwi kuzidi ratili 60. Katika Michezo ya Olimpiki itakayofanyika Los Angeles mwaka 2028 utaingia kwa mara ya kwanza, katika shindano la jozi za mwanamume na mwanamke. Katika Michezo ya Paralimpiki umekuwamo tangu zamani. Huko Paris mwaka 2024, Mmarekani Matt Stutzman, aliyezaliwa bila mikono, alipata medali ya dhahabu kwa upinde wa roda. Yeye huushika upinde kwa mguu na kuuvuta kwa bega. Habari zake zilitusaidia sana tulipokuwa tukishauriana, kama nitakavyoeleza.

Sasa nije kwenye tatizo lenyewe. Nafuu ya upinde wa roda hupatikana mahali pamoja tu, mwisho wa mvuto. Roda zikiwa zimewekwa kwa mtu mwenye mvuto wa inchi 29, mtu wa inchi 25 hataifikia nafuu hata akijinyosha namna gani. Atabaki katikati ya mlima, mzigo wote ukiwa kichwani pake. Upinde wa mti humstahimili mtu yeyote, mrefu kwa mfupi. Upinde wa roda ni kama kiatu: sharti ujue mguu kwanza.

Njia ya kupima mvuto ni rahisi, na kila msomaji aweza kuijaribu leo. Simama, nyosha mikono miwili kulia na kushoto bila kujikaza, na mwenzako apime kutoka ncha ya kidole kirefu cha mkono mmoja mpaka ncha ya kidole kirefu cha mkono wa pili. Gawanya inchi hizo kwa 2.5. Mimi nilipata inchi 72 na nusu, yaani mvuto wangu ni inchi 29.

Barua ya mfadhili ilisema maneno machache: tuchague wenyewe, na tununue kitu kitakachodumu. Bruda anayetufundisha fizikia, ambaye ndiye mlezi wa chama, alituandikia wauzaji, na baada ya majuma matatu tulikuwa na habari za pinde za namna tatu ambazo fedha zetu zingeweza kuzifikia.

Wa kwanza ulikuwa upinde wa mashindano uliokwisha kutumika, lakini mzima. Ulikuwa mrefu, inchi 38 kutoka roda hata roda, na urefu huo huufanya upinde utulie mkononi. Uzito wake ratili 55, na roda zake zimewekwa kwa mvuto wa inchi 29. Wasomaji wameona wenyewe: ni kipimo changu kamili, kana kwamba fundi alinijua.

Wa pili ulikuwa mpya, wa namna ya kurekebishwa. Kwa ufunguo mdogo wa pembe sita mtu aweza kuuweka kuanzia inchi 18 hata inchi 30, na kuongeza au kupunguza uzito wake, ili upinde ukue pamoja na mtoto.

Wa tatu ulikuwa aina ya Genesis, upinde unaotumika katika mpango wa kufundisha ulengaji shuleni ulioanza katika jimbo la Kentucky, Marekani, mwaka 2002. Huu una roda, lakini hauna nafuu hata kidogo. Uzito wake ni kati ya ratili 10 na 20 tu. Kwa kuwa hauna nafuu, hauna mahali maalumu pa kusimama. Mtu wa inchi 15 na mtu wa inchi 30 hupokezana bila kugusa skrubu. Kwa bei ya upinde mmoja wa zile namna mbili za kwanza tungeweza kupata miwili ya namna hii, pamoja na mishale 12.

Niseme kweli kwamba moyo wangu ulikwenda kwenye upinde wa kwanza. Mimi ni wa mwaka wa sita, nina miaka kumi na tisa, na kwa miaka mitatu nimepiga kwa pinde za mianzi zilizochongwa katika karakana yetu. Sijapata kusimama mita 50 kutoka kwenye shabaha nikiwa na chombo kinachoweza kufika huko. Wahenga walisema, kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini Bruda alisema neno moja ambalo wote tulilikubali: "Msipime pinde kabla hamjapima watu." Basi siku ya Jumamosi tulichukua utepe wa fundi cherehani, mizani ya ndoana na daftari, tukapima wanachama wote 24.

Daftari lile ninalo hapa. Mwanachama mdogo kabisa, wa mwaka wa kwanza, mikono yake ilikuwa na inchi 58, yaani mvuto wa inchi 23 na kidogo. Mrefu kabisa alikuwa na inchi 75, yaani mvuto wa inchi 30. Wanachama waliokuwa karibu na inchi 29 walikuwa wanne tu.

Kisha tulipima nguvu. Tulimwambia kila mmoja aketi juu ya kiti, anyoshe upinde mbele yake usawa wa jicho, avute polepole. Mtu akilazimika kuelekeza upinde mbinguni ili auvute, au akiinua kalio kitini, upinde huo ni mzito kwake, wala asiambiwe ajikaze, maana bega likiumia halisameheki upesi. Kwa mizani tuliona kwamba wadogo wetu wengi walivuta kwa utulivu kati ya ratili 15 na 20. Waliofika ratili 40 walikuwa watano.

Jambo la tatu ndilo lililotushangaza wote. Kila mtu ana jicho moja linaloongoza jingine, kama vile ana mkono mmoja wa kuandikia; na katika kulenga, jicho ndilo linaloamua upinde ushikwe kwa mkono upi. Kulijua ni hivi: unganisha viganja vyako mbele ya uso, acha tundu dogo kati yake, na kwa macho mawili wazi tazama kitu cha mbali, tuseme msalaba wa kanisa, katikati ya tundu hilo. Sasa fumba jicho la kushoto. Msalaba ukibaki palepale, jicho lako la kulia ndilo linaloongoza. Ukitoweka, ni la kushoto. Katika watu 24, saba walikuwa wa jicho la kushoto, na watano kati ya hao huandika kwa mkono wa kulia, hata hawakujua habari hiyo.

Mmoja wa watano hao alikuwa kijana wa mwaka wa pili ambaye hakukosa mazoezi hata mara moja, naye mishale yake ilikwenda daima upande wa kushoto wa shabaha. Tulimwita "Bwana Kushoto" kwa mzaha, na mwenyewe alikwisha kuniambia kwamba ataacha mwisho wa mwaka, kwa sababu Mungu hakumpa kipaji hicho. Alipofumba jicho na msalaba ukatoweka, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe, kapteni, si mimi mbaya." Upinde wa mti hushikwa upande wowote, lakini upinde wa roda hutengenezwa wa kulia au wa kushoto, na hauwezi kugeuzwa. Yule wa kwanza ulikuwa wa kulia. Kati ya wale wanne wa inchi 29, mmoja alikuwa wa jicho la kushoto. Basi upinde wa fahari ungefaa watu watatu, na mmoja wa watatu hao ni mimi ninayeondoka.

Tukafanya mkutano. Sitaki wasomaji wadhani kwamba neno lilikuwa jepesi. Naibu wangu, kijana mwenye akili, alisimama akasema hivi: "Ndugu zangu, chama kisicho na bingwa ni kama ngoma isiyo na mpigaji. Tukipata mtu mmoja wa kupiga mita 50, wadogo watamwona, watatamani, watajifunza. Pinde ndogo zitatufanya tuwe wadogo siku zote." Wengi walipiga makofi. Hata sasa naona kwamba maneno yake yana kweli ndani yake, maana mtoto hutamani kile anachokiona.

Mwingine alitetea upinde wa pili. Hapo tulifanya hesabu. Kurekebisha upinde kwa mtu mmoja, kufungua skrubu, kuhamisha, kukaza na kuhakikisha, huchukua kama dakika tano. Wa jicho la kulia ni 17; tano mara 17 ni dakika 85, na mazoezi yetu ya Jumamosi ni dakika 90! Watu wakacheka. Lakini Bruda alituonyesha kwamba tungeweza kuwapanga watu kwa urefu wao, makundi manne, na kurekebisha mara nne tu. Shauri hilo lilikuwa jema, na kwa muda upinde wa pili ulielekea kushinda. Kilichouangusha ni wale saba. Fedha zilitosha upinde mmoja tu wa namna ile, nao sharti uwe wa kulia au wa kushoto.

Mimi nilisema mwisho, kama ilivyo desturi ya kapteni. Nilisema mambo mawili. La kwanza lilikuwa kiwanja. Kiwanja chetu kina mita 25, na nyuma ya ukuta wa udongo ni njia ya watu waendao kanisani na kisimani. Mshale wa upinde wa ratili 55 ukipita juu ya ukuta huweza kwenda mita mia kadhaa, wala hauchagui wa kumpata. La pili lilikuwa habari ya yule Stutzman. Watu wakisikia alivyoshinda husifu moyo wake, na wana haki. Lakini hangeweza kushinda kama angelazimishwa kutumia chombo kilichopangwa kwa mtu mwenye mikono. Upinde ulimfuata yeye alivyo. Nikasema: nasi tumfuate mpigaji wetu, na mpigaji wetu, kwa kadiri daftari linavyoonyesha, si kapteni, ni watu 24 wenye urefu mbalimbali, na saba kati yao wana jicho la kushoto.

Tukapiga kura. Pinde mbili ndogo, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, zilipata kura 15; upinde wa kwanza kura 6; wa pili kura 3. Naibu wangu alikuwa wa kwanza kunipa mkono, naye ndiye aliyechimba mashimo ya miguu ya shabaha mpya.

Pinde zilifika katikati ya muhula. Hazikuleta miujiza. Zina udhaifu wake, nami nautaja ili mtu asiseme tumeuficha. Mshale wake huenda polepole, na ukipiga kutoka mwisho wa kiwanja hushuka sana, nao upepo wa alasiri huusukuma. Vijana wawili wenye nguvu wamenung'unika kwamba kuvuta ratili 20 ni kama kuvuta uzi. Na kwa kuwa hakuna nafuu, mpigaji mvivu hawezi kustarehe pale mwisho. Sharti ajifunze kusimama, kushusha mabega na kutoa pumzi kama wanavyofanya wenye upinde wa mti. Bruda husema hilo si hasara.

Lakini sasa watu wawili hupiga kwa pamoja, na kila Jumamosi kila mwanachama hupata mishale 18, ambapo zamani wengine walirudi bwenini bila kupiga hata mmoja. Yule kijana wa mwaka wa pili alipewa upinde wa kushoto. Mwanzoni vidole vyake vilichanganyikiwa, kama mtu anayeandika kwa mkono asiouzoea. Jumamosi ya tatu alipiga mishale sita, na mitano ikaingia ndani ya duara nyekundu. Hazungumzi tena habari ya kuacha. Jina la "Bwana Kushoto" bado analo, ila sasa ni la heshima.

Kwa kapteni ajaye naacha maneno machache. Kila mwanzo wa mwaka pima watu upya, maana wadogo hukua kama mihindi wakati wa mvua. Kabla ya kupiga, kagua kila mshale kwa kuukunja kidogo karibu na sikio. Ukisikia mlio wa ufa, uvunje papo hapo usije ukamchoma mtu mkono. Usimruhusu mtu yeyote, hata akiwa mgeni mkubwa, kuvuta upinde na kuiachia kamba bila mshale. Nguvu isiyopata mshale wa kuubeba huurudia upinde wenyewe, nao huweza kupasuka mikono mwake. Kamba ipakwe nta, na ikianza kutoa nyuzi ibadilishwe; wala mtu asijaribu kuitoa kwa nguvu za mikono yake, bali apelekewe fundi mwenye chombo cha kubania upinde. Na siku zikija mkapata fedha tena, pamoja na kiwanja kirefu chenye kilima nyuma yake, basi nunueni upinde wa mita 50, nanyi mtakuwa mmekwisha kupata mtu wa kuushika. Kama nitakuwa hai na nina nauli, nitakuja kuutazama.

Kwa mfadhili wetu, ambaye najua anasoma maneno haya, nasema ahsante sana kwa niaba ya watu 24. Mzee wetu, ulituambia tununue kitu kitakachodumu. Pinde ni mbili, na wenye kuzitumia ni wengi. Daftari la vipimo limo katika kabati la chama, nalo li wazi kwako siku yoyote utakapopanda mlima kuja kututembelea.

Kapteni wa Chama cha Kulenga Shabaha,
Mwaka wa Sita